Meli Hizi Hazikuwa za Wenye Miguu Miwili Pekee

Wasikilizaji, mtu anayetumia kiti mwendo akifika penye daraja la kupandia meli ya kihistoria, mara nyingi hupokewa kwa jibu moja. Hutolewa kwa upole, na pengine anayelitoa anaona haya kulitoa. Anaambiwa: samahani sana, hii ni meli ya zamani, haikuundwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kisha anaonyeshwa chumba cha pembeni chenye filamu, akae humo mpaka jamaa zake waliopanda warudi.

Jibu hilo nusu yake ni kweli. Nusu nyingine si kweli, na hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo.

Tuanze na iliyo kweli. Ndani ya chombo cha baharini kila shubiri ina kazi yake. Ngazi husimama karibu wima ili zisile nafasi ya mizigo au mizinga. Milango ni myembamba, tena ina vizingiti virefu vya kuzuia maji yasipite chumba hadi chumba. Ukipanda HMS Belfast, manowari iliyoshushwa majini mwaka 1938 na ambayo tangu 1971 ni makumbusho katika mto Thames, London, utayaona yote hayo: vizingiti vya chuma, ngazi za chuma, na vyumba vya mitambo vilivyo chini kabisa, ambako hata mwenye magoti mazima hushuka kwa tahadhari, ameshika kwa mikono miwili. Waundaji wa 1938 walikuwa wakiunda chombo cha kwenda vitani, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Sasa twende Greenwich, kusini-mashariki mwa London. Hapo ndipo ilipo Cutty Sark, meli ya matanga iliyoshushwa majini Scotland mwezi Novemba 1869 ili ikachukue chai Uchina. Mwendo mfupi kutoka hapo, kando ya mto uleule, yapo majengo makubwa yaliyobuniwa na Christopher Wren. Yalikuwa makazi na hospitali ya mabaharia. Hospitali hiyo iliasisiwa kwa hati ya kifalme mwaka 1694, kwa ajili ya wanamaji ambao uzee, majeraha au ulemavu uliwatoa kazini, na wa kwanza wakaingia mwaka 1705. Mwanzoni mwa karne ya 19 walizidi 2,000: huyu mguu umechukuliwa na risasi ya mzinga, yule mkono umesagwa na shehena, mwingine haoni tena. Na wageni walipokuja kuutazama ule ukumbi wake maarufu wenye dari iliyochorwa picha tele, waliowatembeza na kuwaeleza walikuwa wazee haohao. Fikiria hilo, msikilizaji. Katika Greenwich ya zamani hizo, mwenye ulemavu ndiye aliyekuwa mwenyeji, na mzima wa viungo ndiye aliyekuwa mgeni. Hospitali ilifungwa kwa wazee hao mwaka 1869, mwaka uleule Cutty Sark ilipogusa maji.

Wala hawakuwa nchi kavu tu. Katika jeshi la wanamaji la Uingereza kazi ya mpishi wa meli kwa desturi iliachiwa baharia aliyepoteza kiungo. Chakula cha mamia ya watu kilitoka mikononi mwa mtu mwenye mguu wa mti. Na Horatio Nelson, yule ambaye Waingereza wamemsimamishia mnara katikati ya mji wao mkuu, alipoteza nuru ya jicho la kulia Calvi, kisiwani Corsica, mwaka 1794. Mkono wa kulia ulikatwa mwaka 1797 baada ya shambulio la Tenerife. Alipokwenda kupigana Trafalgar mwaka 1805 ndani ya HMS Victory, alikuwa kamanda mwenye mkono mmoja na jicho moja. Siku hizo afisa aliyeumia, au mgeni asiyeweza kuparamia ubavu wa meli, alikalishwa kwenye kiti kilichofungwa kamba, akavutwa juu kwa kapi. Mabaharia walikuwa na kamba, walikuwa na kapi, walikuwa na nguvu za mikono, na walivitumia.

Ndiyo maana nasema jibu lile linaifuta historia ambayo makumbusho yenyewe yamepewa kuilinda. Watu wenye ulemavu waliishi katika meli hizi, walipika, waliamuru, walikufa humo. Leo wajukuu wao katika hali hiyo wanaambiwa wakae pembeni.

Watunzaji wana hoja ya pili, na hii naiheshimu zaidi. Wanasema: ukikata sitaha ya kale ili uweke lifti, umekata kitu kisichorudi. Kweli. Ubao wa karne ya 18 ukishatolewa, umetoka. Lakini tuiangalie HMS Victory yenyewe. Ilishushwa majini mwaka 1765, imo katika gudi la Portsmouth tangu 1922, na sehemu kubwa ya mbao zake za leo si zile zilizosikia mizinga ya Trafalgar. Zimebadilishwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu ya kuoza na wadudu, na tangu 2022 matengenezo mengine makubwa yanaendelea, ambayo yamepangwa kuchukua miaka kumi na zaidi. Meli za kale za makumbusho zimetiwa nyaya za umeme, taa, ving'ora vya moto na milango ya dharura, na hakuna mtu mwenye akili anayezilaumu kwa hilo. Chombo kinachokaa kizima miaka 200 hukaa kwa kubadilishwa. Kinachobaki kuamuliwa ni mabadiliko yafanywe kwa ajili ya nani, na lini.

Hilo la lini ndilo lenye uzito kuliko yote, na mfano ninaoupenda ni wa Bristol, magharibi ya Uingereza. SS Great Britain ilibuniwa na Isambard Kingdom Brunel, ikashushwa majini mwaka 1843. Urefu wake ni karibu mita 98, bodi yake ni ya chuma, na ilisukumwa kwa rafadha wakati meli nyingi za mvuke zilikuwa bado zinazungusha magurudumu ubavuni. Ilipeleka abiria New York, halafu kwa miaka mingi ikapeleka wahamiaji Australia. Mwaka 1886 ilipatwa na dhoruba na kuishia visiwa vya Falkland, ikageuzwa ghala linaloelea, na mwaka 1937 ikaburutwa hadi kwenye ghuba na kutobolewa ikae chini ya maji. Ikakaa hapo zaidi ya miaka 30. Mwaka 1970 ikainuliwa juu ya tishali kubwa, ikavutwa kuvuka Atlantiki, na ikaingizwa katika gudi lilelile la Bristol ilimoundwa.

Tatizo likawa kutu. Chumvi ya bahari ilikuwa imepenya ndani ya chuma, na hewa yenye unyevu ikawa inakila polepole. Wataalamu wakaona dawa ni kukausha hewa iliyoizunguka bodi, ishuke hadi unyevu wa asilimia 20 hivi. Basi kwenye usawa wa maji wa meli wakatandaza paa la kioo kuizunguka yote, juu ya kioo wakamwaga maji kidogo, na chini yake mitambo ikawa inakausha hewa usiku na mchana. Kazi hiyo ilizinduliwa mwaka 2005. Ukiwa juu unadhani meli inaelea. Ukishuka gudini unaona mkuku, rafadha, na mabamba ya chuma yaliyotobolewa na miaka. Na kwa kuwa walikuwa wanajenga upya mazingira yote ya meli, waliweka na lifti: ya kumshusha mtu gudini, na ya kumpandisha sitahani. Mwaka uliofuata makumbusho hayo yakapata tuzo ya Gulbenkian, iliyokuwa tuzo kubwa ya makumbusho nchini humo.

Uone namna mambo yalivyokwenda pamoja. Kutu ilidai kazi kubwa, na kazi kubwa ilipofanywa, mwenye kiti mwendo alikuwa tayari amo katika michoro. Cutty Sark nayo ilipita njia hiyo. Ilikuwa katikati ya ukarabati moto ulipoizukia tarehe 21 Mei 2007. Ilipofunguliwa tena Aprili 2012 ilikuwa imeinuliwa zaidi ya mita tatu kutoka sakafu ya gudi, lifti zinafika sitahani, na mtu yeyote, kwa miguu au kwa magurudumu, anaweza kupita chini ya meli na kuigusa kwa kiganja.

Kuigusa huko kuna maana kubwa, maana tumezoea kuwaza ulemavu kama kiti mwendo tu. Asiyeona ambaye amewekewa kamba ya kumzuia na maandishi ukutani hakuona chochote, hata kama alipita kila chumba. Ukimpa aipapase bodi, ukampa mfano mdogo wa meli wenye milingoti ya kufuata kwa vidole, ukampa mtu anayejua kueleza, ataondoka na meli nzima kichwani. Kiziwi naye anahitaji lugha ya alama na maandishi kwenye filamu. Haya ni nafuu mno ukilinganisha na lifti, na hapo sioni udhuru.

Kuna hofu ya moto, na hiyo si ya kudharau. Lifti haitumiki moto ukiwaka, kwa hiyo mwenye kiti mwendo aliye sitaha ya chini anahitaji watu waliofunzwa na kiti maalumu cha kumteremshia au kumpandishia ngazi. Baadhi ya makumbusho huweka kikomo cha viti mwendo vinavyoweza kuwa ndani kwa wakati mmoja. Naelewa kikomo hicho, mradi kitangazwe mapema, ili mtu asisafiri mji hadi mji kuja kugeuziwa mlangoni. Na mahali pengine watunzaji wamechagua wasimpandishe mgeni yeyote. Pale Stockholm, Sweden, Vasa, manowari iliyozama mwaka 1628 na kuinuliwa mwaka 1961, haipandwi na wageni. Wote wanaizunguka kwa sakafu zenye lifti, wakiitazama kuanzia chini hadi juu. Meli imehifadhiwa, na aliyekaa kwenye kiti anaona anachoona aliyesimama.

Jambo hili linatugusa na sisi wa pwani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, kifungu cha 30, unayataja makumbusho kwa jina, na unataka maeneo ya urithi wa taifa nayo yafikike kadiri inavyowezekana. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009.

Na Zanzibar, Forodhani, lipo Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Lilipokuwa makumbusho, ghorofa ya chini palikuwa na mtepe, chombo kilichoundwa upya kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo linasifiwa hadi leo kuwa miongoni mwa majengo ya kwanza Afrika Mashariki kuwekewa lifti.

Kwa wanaosimamia ukarabati wake, na kwa wote watakaopanga makumbusho ya vyombo vya pwani yetu, nauliza mambo yanayojibika kwa mchoro. Mtu wa kiti mwendo ataingia kwa mlango wa mbele pamoja na wengine, au atazungushwa nyuma? Ghorofani atafikaje? Mtepe utawekwa mahali ambapo asiyeona ataruhusiwa kupapasa mishono yake? Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar wapo na wanafahamika. Waitwe sasa, michoro ikiwa bado mezani, waseme wapi kizingiti kishushwe na mlango upanuliwe, kabla hawajapelekewa kadi ya mwaliko wa siku ya kukata utepe.