Nguo ya mtoto iwe ya mtoto: mazungumzo na wauzaji wa nguo na wazazi sokoni

(Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wauzaji wa nguo na wazazi. Yamepunguzwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.)

Najua kila dakika mnayokaa mbali na meza ni pesa, kwa hivyo sitawazungusha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Desemba iliyopita nilimnunulia mpwa wangu tishati. Mtoto ana miaka 8. Ilikuwa ya rangi ya waridi, ina maandishi ya kumetameta kifuani. Nikakagua mshono, nikavuta kola, nikabishana bei kutoka shilingi 250 hadi 180, nikaondoka nikijiona mjanja. Mimi ni mtu niliyesomea uandishi wa habari, nalipwa mshahara kusoma maneno kabla hayajatoka kwa umma. Maneno ya ile tishati sikuyasoma. Dada yangu ndiye aliyeyasoma, akaniuliza, “Kaka, hii umemnunulia nani?” Siwezi kuyarudia hapa mbele ya wazee. Yalikuwa maneno ambayo hata mtu mzima akimwambia mtu mzima mwenzake, atatafuta kwanza mahali pa faragha.

Niliyemnunulia kwake hakuwa mtu mbaya. Hakuyasoma, nami sikuyasoma. Aliyeyaandika kule kiwandani ndiye aliyejua anachokifanya, na pia alijua saizi ya nguo anayoiandikia.

Hilo ndilo lililonileta. Sizungumzii urefu wa sketi kwa ujumla, wala mtoto kuvaa kaptura kwenye joto hili. Mtoto anapenda kung'aa, anapenda viatu vya mama, anapenda kujipaka rangi ya mdomo na kuipaka hadi puani. Huo ni utoto. Ninazozungumzia ni nguo zilizobuniwa na watu wazima ili kuvuta macho ya watu wazima kwenye mwili wa mtoto, kisha zikawekwa kwenye rafu ya watoto. Sidiria yenye sponji ya kutunisha kifua kwa mtoto ambaye bado hana kifua. Chupi ya kamba kwa mtoto wa darasa la tatu. Suruali yenye maandishi makalioni.

Mtu anaweza kusema natia chumvi. Mwaka 2002 kampuni ya Marekani, Abercrombie & Fitch, iliuza chupi za kamba katika maduka yake ya watoto, zikiwa na maneno ya kutongoza kwa mbele. Wazazi walipiga kelele. Uingereza, Aprili 2010, duka la Primark lilikutwa likiuza mavazi ya kuogelea yenye sidiria za sponji kwa watoto wa kuanzia miaka 7. Gazeti likaandika, wazazi wakawaka, hata David Cameron, aliyekuwa akitafuta uwaziri mkuu, akalisema jambo hilo hadharani. Kampuni ikaomba radhi na kuziondoa. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, JCPenney ya Marekani ikaondoa tishati ya wasichana iliyosema, kwa Kiswahili changu, kwamba mimi ni mrembo mno kufanya kazi ya shule kwa hivyo kaka yangu hunifanyia. Hiyo haikuwa na uchi wowote. Lakini mama mwenye binti atakayefanya mtihani wa taifa anaelewa kwa nini ilimuudhi mwenzake wa Marekani.

Mtaniuliza, sisi yanatuhusu nini? Fikirieni nguo huenda wapi zikiondoka kwa wenyewe. Belo zinazofika Kongowea na Gikomba hutoka Uingereza, Kanada, China na kwingine. Nguo iliyowaudhi wazazi kule, iliyovaliwa mara moja au haikuvaliwa kabisa, haifi. Inatolewa, inafungwa, inapakiwa kwenye meli. Sisemi zile zilizoondolewa madukani ndizo zilizotufikia. Nasema zilizobaki kwenye makabati ya watu hazina njia nyingine ya kwenda. Na siku hizi hatuwezi kuwasingizia wenye mitumba peke yao. Nguo mpya za bei rahisi, na zile zinazoagizwa kwa simu, zina mambo yale yale.

Lakini kisa cha Uingereza nakipenda kwa sababu hakikuishia kwenye kelele. Mwaka ule wa 2010 wazazi wa Mumsnet walianzisha kampeni ya kutaka maduka yaahidi kutouza bidhaa zinazomkomaza msichana kabla ya wakati wake. Serikali ikampa Reg Bailey kazi ya kuchunguza jambo hilo. Bailey alikuwa mtendaji mkuu wa Mothers' Union, na hapa naona akina mama wa Anglikana wakitabasamu, naam, ni hiyo hiyo yenu ya vitambaa vya kichwa na nyimbo za Alhamisi. Ripoti yake ilitoka Juni 2011. Wakati huo huo chama cha wafanyabiashara wa rejareja cha Uingereza kikatoa mwongozo wake: chupi za kamba si nguo ya mtoto, sidiria ya kwanza iwe ya kustiri na kumpa mtoto raha, isiwe ya kutunisha, na maandishi yalingane na umri. Haikuwa sheria ya bunge. Wenye maduka ndio waliokubaliana, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamesema.

Sasa nifike mahali pagumu, na hapa naomba mnisikilize kuliko kwingine kote.

Kuna watu wakisikia mada hii hukimbilia kwa msichana. Amevaa nini? Mama yake yuko wapi? Nchi hii inajua mwisho wa njia hiyo. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo kwenye kituo cha matatu Nairobi, wanaume wakirekodi kwa simu. Tarehe 17 mwezi huo wanawake waliandamana jijini. Kabla mwaka haujaisha, Kanuni ya Adhabu ikaongezwa kifungu cha 251A: anayemvua mtu nguo anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, isomeni kuanzia mwanzo hadi mwisho, haimpi mtu ruhusa kwa sababu ya alichovaa mtoto. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo anafungwa maisha, mtoto awe alivaa sare ya shule, buibui au kaptura. Watoto wananajisiwa wakiwa wamejifunika leso, na wengi na watu wanaowajua. Yeyote atakayetoka hapa leo akaenda kumvuta msichana sketi, au kumzomea, hakunisikia.

Basi kama nguo haimleti mhalifu, tunahangaika nayo ya nini? Tunahangaika kwa sababu ya kile inachomfundisha aliyeivaa. Mwaka 2007 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilikusanya tafiti nyingi kuhusu wasichana, kikaona kwamba kumfanya msichana ajione kama kitu cha kutazamwa kunahusiana na matatizo ya kula, kujidharau na sonona. Mojawapo ya tafiti hizo, iliyochapishwa mwaka 1998, naikumbuka kila nikiona ile tishati. Wanafunzi wa chuo kikuu waliingizwa mmoja mmoja katika chumba cha kujaribia nguo. Wengine walipewa vazi la kuogelea, wengine sweta. Wakiwa wamevaa, kila mmoja peke yake, hakuna anayemwona, wakapewa hesabu. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya kuliko wale wa sweta. Kwa wavulana haikuleta tofauti. Akili ya msichana ilikuwa inagawanyika: nusu kwenye hesabu, nusu kwenye kioo. Na hao walikuwa watu wazima. Mtoto wa miaka 8 tunamkabidhi kioo hicho akiwa bado anajifunza kuzidisha.

Upande wa serikali ya kaunti, niseme ukweli tunachoweza na tusichoweza. Jedwali la Nne la Katiba linatupa masoko, leseni za biashara na matangazo ya barabarani. Kwa hivyo bango lenye mtoto aliyepangwa kama mwanamke wa tangazo la pombe, hilo ni letu, leteni malalamiko na picha yake. Kukagua kila belo hatuwezi, wala hatutatuma askari wa kaunti kwenye meza ya mama kumnyang'anya bidhaa kwa sababu haikumpendeza mtu. Najua baadhi yenu mmekuja na wasiwasi huo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema maslahi ya mtoto yatangulie, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inarudia hilo, lakini sheria hizo hazikuandika urefu wa kaptura, na mimi binafsi sitamani zifanye hivyo. Mkiona panahitajika mwongozo wa masoko yetu wenyewe, Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Ofisi yangu itawasaidia kuliandika. Ada hakuna.

Wenye belo, nawaelewa. Unanunua kitu kilichofungwa, huoni ndani, na kila kipande kina bei yake kichwani kabla kamba haijakatwa. Kukiweka kando ni hasara. Lakini kipande cha namna hii ni kimoja kimoja, si belo nzima. Maandishi mabaya fundi anaweza kuyafunika kwa kiraka au ua, na tishati ikauzwa. Sidiria ya sponji inaweza kutolewa sponji. Kisichotengenezeka, mafundi wa gereji wanatafuta matambara kila siku. Kingine hakina gharama: vitu vya saizi ndogo vya watu wazima msivitundike upande wa watoto. Na kama Kiingereza cha kwenye nguo kinakutatiza, hapo nyuma pana wanafunzi wa sekondari wanaocheka tangu nianze. Waulizeni. Watawasomea, na watawaeleza hata maana ya pili.

Wazazi, semeni na muuzaji kwa adabu, wakati wa kununua, si kwenye kikundi cha WhatsApp usiku. Mwambie, “Mama, hii siichukui kwa sababu ya haya maneno.” Akisikia hivyo mara tatu kwa wiki, atajua akifungua belo ijayo. Kwenye duka kubwa ombeni kumwona meneja, mpige picha ya rafu, muandike barua. Na mtoto akiwa amekwisha kuipenda nguo, msimwambie ni chafu. Mwambieni aliyeishona alikosea, kisha mmpe nyingine ing'aayo vile vile. Mpwa wangu alipewa yenye kipepeo na hajaivua tangu Krismasi.

Nambari ya bure ya kuripoti mtoto anayedhulumiwa ni 116, mchana na usiku. Hiyo ni ya dhuluma, si ya tishati, tafadhali tusiwajazie laini.

Nawaachia maikrofoni. Mama wa meza ya soksi ameinua mkono tangu nilipotaja hasara, aanze yeye.