Hofu ya Mzazi na Uhuru wa Mtoto Dagoretti

Uhuru wa mtoto wa kutembea, yaani ruhusa anayopewa ya kwenda shuleni, dukani au mchezoni bila kusindikizwa na mtu mzima, hutofautiana sana hata ndani ya eneo bunge moja la Dagoretti Kaskazini jijini Nairobi, ambalo linajumuisha Kawangware pamoja na Kilimani na Kileleshwa. Kawangware, mtoto hutumwa dukani akiwa bado mdogo, si kwa sababu mzazi wake hana hofu, bali kwa sababu kibarua hakimsubiri, na mama mboga aliye kando ya njia huwa mlinzi asiyelipwa. Kilimani, geti, bawabu na basi la shule huondoa hatari nyingi, lakini huondoa pia nafasi ya mtoto kujifunza kuvuka barabara.

Hofu ya mzazi ina msingi, kwa kuwa bodaboda na matatu za Barabara ya Naivasha hazimngoji mtoto, wala mtu mzima. Hata hivyo, Kifungu cha 5 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, huzitaka nchi ziheshimu wajibu wa mzazi wa kumwongoza mtoto kwa kadiri ya uwezo wa mtoto unaokua, na kwa msingi huo ruhusa inaweza kupanuliwa hatua kwa hatua: mzazi humtangulia mtoto, baadaye humfuata nyuma akimwacha achague pa kuvukia, na hatimaye humngojea nyumbani kwa saa waliyokubaliana.