Mazungumzo Juu ya Kuvuta Waya na Kuutia Moto



Tulipotaja habari tutakayonena leo, wengine walicheka: kalamu na chamburo wapi na wapi? Sisi twaona yatuhusu, kwa kuwa katika bohari ni karani aandikaye "waya mgumu" au "waya laini", na maneno hayo mawili yaweza kumponza mtu.

Tuanze na masango, zile nyaya nene za shaba nyeupe ambazo misafara ya karne ya 19 ilizichukua bara. Shaba nyeupe ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, mara nyingi sehemu 70 kwa 30. Fundi atakaye udodi mwembamba huchonga ncha ya waya, huipenyeza katika tundu la chamburo na kuivuta kwa koleo, kisha katika tundu dogo zaidi, na dogo zaidi tena. Shaba haipungui: unene ukiwa nusu, urefu huwa mara nne. Walakini baada ya matundu kadhaa waya hukaidi, na akiulazimisha hukatika.

Sababu i ndani. Metali ni chembe ndogo ndogo zilizoshikamana, na katika kila chembe atomu zimejipanga safu safu. Waya ukivutwa, chembe hurefuka, na safu huteleza juu ya safu. Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja peke yake, walieleza kuwa mtelezo huo hufanywa na kasoro za safu zisogeazo kidogo kidogo, kama mkunjo wa jamvi ukisukumwa. Kuvuta huzizidisha kasoro hizo hata zikazuiana, kama watu wengi katika mlango mmoja. Waya laini wa shaba nyeupe hukatika kwa mzigo wa kilo 33 hivi kwa milimita mraba. Uliovutwa sana hupita 80, ila haupindiki sana.

Dawa yake ni moto. Joto la kadiri huondoa mkazo uliofichika tu, nguvu ikabaki. Likizidi, chembe mpya huzaliwa kati ya zile za kale na kuzimaliza, na waya hulegea. Likizidi mno, chembe hukua, hata waya ukipindwa uso wake huwa kama ganda la chungwa. (Kuutosa majini ungali na moto hakuufanyi mgumu, hayo ni ya chuma cha pua.)

Sasa jambo lililotusimamisha. Twamjua fundi wa nyaya za simu aliyekatwa mshahara kwa sababu waya wa shaba nyekundu ulikatika kati ya nguzo, na ripoti ikasema "kiungo kibovu". Kiungo kilikuwa kizima! Waya ulikatika kando yake, pale ulipopata moto wa taa ya kulehemu. Waya wa juu huvutwa makusudi uwe mgumu, ustahimili kilo 40 hivi kwa milimita mraba. Ukitiwa moto hurudi 22, na upepo humaliza kazi. Yeye aliamriwa kuunga kwa moto, hali iko mirija ya shaba ya kusokota isiyohitaji moto.

Kipande chenyewe ni hiki mezani. Kipitishwe mkono kwa mkono, na kila mmoja akipinde mahali pawili, mbali na kiungo na karibu nacho. Barua ya kuomba ripoti ile isahihishwe iko kwa Mwandishi wa chama, yangoja sahihi zenu.