Kumpa Jina Mtoto Mwanamume

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ole, Pemba)



Katibu wetu aliniandikia nichague neno lolote liwafaalo makarani, nami nalikuwa nimekusudia kusema juu ya utunzaji wa majalada. Lakini siku tano zilizopita mwanangu alipata mtoto mwanamume, mjukuu wangu wa kwanza wa kiume, na tangu siku hiyo nyumba yangu hapa Ole imekuwa baraza la mabishano. Kila aingiaye kumpa hongera mzazi hutoka ameacha jina nyuma yake. Kesho kutwa ni siku ya saba, mbuzi wawili wamekwisha kufungwa chini ya mkarafuu, na jina halijapatikana. Basi majalada yatangoja.

Ya dini mnayajua, wala sitayarefusha. Mtoto huadhiniwa, huchinjiwa akika, hunyolewa, naye ana haki juu ya mzazi wake ya kupewa jina jema. Liko jambo moja tu nipendalo kuwakumbusha. Imepokewa ya kuwa Mtume alimwuliza mtu mmoja jina lake, akajibu kuwa ni Hazn, yaani ardhi ngumu. Mtume akamwambia awe Sahl, yaani laini. Yule mtu akakataa kuliacha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alikuwa akisema kwamba ugumu ule haukuwatoka nyumbani mwao. Angalieni, mabwana, ni nani asemaye: si yule aliyeitwa, ni mjukuu.

Hapo ndipo nitakapo kusimama. Sisi watu wa Pemba aghalabu hatuna jina la ukoo kama walivyo nalo Wazungu. Mtu huitwa kwa jina lake, kisha la babake, kisha la babu yake. Zamani twaliandika "bin" katikati yao. Sasa "bin" imeanguka njiani, na majina yamebaki yakisimama matupu. Kwa hiyo jina umpalo mtoto leo lina viti vitatu vya kukalia. Kwanza litakaa mbele, naye ndiye mwenyewe. Akijaaliwa mtoto, litahamia katikati. Akijaaliwa mjukuu, litakaa mwisho, na karani ambaye hajazaliwa bado ataliandika pasipo kumjua aliyeliitikia. Kisha litaondoka, ila mtu akilirudisha mbele. Ndiyo maana ya desturi yetu ya kumwita mtoto kwa jina la babu. Mtazameni Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa Pemba mwaka 1942 akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hata 2001: la mwisho limerudi mbele. Wengine siku hizi hulifunga la mwisho lisiondoke. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Tanzania tangu 1985 hata 1995, na mwanawe, aliyeshika urais wa Zanzibar mwaka 2020, huandikwa Hussein Ali Mwinyi. Kwa hesabu ya kale angeandikwa Hussein Ali Hassan. Silaumu, lakini karani na ajue kwamba hesabu ziko mbili.

Wazee wetu hawakusumbuka sana. Azaliwaye Ijumaa ni Juma, Alhamisi ni Khamis. Azaliwaye mwezi wa Ramadhani au Rajabu, mwezi wenyewe ndio jina. Tena yako majina ambayo mtu akiitwa nayo Mombasa au Dar es Salaam, huulizwa kwao ni kisiwa gani: Faki, Makame, Kombo, Shaame. Vijana wetu wengine huyaonea haya, nami siijui sababu. Yaliyostahili kuonewa haya ni mengine. Utumwa ulipoondolewa nguvu ya sheria Zanzibar mwaka 1897, mashamba ya karafuu yalikuwa na watu walioitwa Feruzi na Almasi, kana kwamba mtu ni kito cha kuwekwa sandukuni. Nao haya haikuwa yao, ilikuwa ya waliowaita hivyo.

Sasa nije kwenye kazi yetu. Jina la babangu ni Khamis. Katika cheti changu cha shule limeandikwa Khamis. Katika ofisi moja ya bara, ambayo sitaitaja, karani aliyezoea ya kwao akaandika Hamisi. Na katika jalada la pensheni likatoka Hamis. Nalipostaafu, nilikaa miezi kumi na minne bila senti, kisha nikaapa mbele ya hakimu kwamba Khamis, Hamisi na Hamis ni baba mmoja, na kwamba huyo mmoja alinizaa mimi. Nakiri nami nimewatenda wenzangu hivyo hivyo. Nimewahi kumkata Abdulrahman vipande viwili, nikamwandika Abdul katika safu moja na Rahman katika safu ya pili, wala sikukumbuka kwamba Abdul peke yake ni mja asiyekuwa na Mola. Tangu Sheria namba 3 ya mwaka 2018 tunao Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kizazi chapasa kusajiliwa mapema. Nawaomba wenzangu mliomo kazini mmpe baba kalamu aandike jina kwa mkono wake mwenyewe, nanyi mlinakili herufi kwa herufi, hata kama mnaona amekosea.

Na mzazi naye amfundishe mtoto jina lake. Mimi nilipewa jina la babu, mzaa baba. Mama yangu kwa heshima hakuweza kulitamka jina la mkwewe, akaniita "Babu," na nyumba nzima ikamfuata. Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliita jina langu mara tatu, nami nimekaa mbele yake kimya. Nikaandikwa kuwa sikuhudhuria.

Mtauliza, basi nyumbani kwako wabishania nini? Mkaza mwanangu ataka Rayyan. Ni jina zuri, ni mlango wa peponi waingiao wafungao saumu, ingawa nimekwisha kuliona likiandikwa kwa namna nne. Jirani wataka Abdalla, wala hapana awezaye kulipinga. Lakini mwanangu ataka jina la ndugu yake.

Ndugu yake huyo alikuwamo katika meli ya MV Spice Islander, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikija Pemba kutoka Unguja, ilipozama karibu na Nungwi. Hakuwa ameoa. Tangu usiku ule jina lake halitajwi nyumbani mwangu, wala hapa sitalitaja. Mwanangu alipolitoa, mamake alinyanyuka akaenda uani. Baadaye aliniambia, "Nitakapomwita mtoto aje kula, nitakuwa namwita nani?" Sikuwa na jibu. Nadhani Rayyan lilitoka kwa mkaza mwanangu kwa kumhurumia mkwewe, naye nampenda kwa huruma hiyo.

Lakini mimi ni karani, na mawazo yangu hufuata safu. Majina ya wengine katika daftari huhama kutoka kiti hata kiti. La mwanangu yule lilikaa mbele tu, likakoma. Hapana mtoto wa kulitia katikati, hapana mjukuu wa kulitia mwisho. Mtu pekee awezaye kulifikisha huko ni huyu wa siku tano. Haya sikuyasema mbele ya mamake. Nilimwambia mwanangu tu, tena kwa sauti ya chini.

Jana usiku, taa ikiwa karibu kuzimwa, mke wangu aliniuliza jina lile liliandikwaje katika cheti cha kuzaliwa. Nikafungua sanduku nikampa cheti. Akakishika kitambo, akafuatisha herufi kwa kidole, kisha akakiweka juu ya meza badala ya kukirudisha sandukuni. Hakusema neno, nami sikuuliza.

Kesho kutwa, baada ya sala ya Alasiri, nyote mwakaribishwa.