Kabla ya Kujaza Hojaji, Piga Hesabu

*Maelezo yaliyotolewa kwa vijana na wazazi katika kikao cha mafunzo ya kidijitali, Sugoi. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.*



Mada ya leo ililetwa na vijana wenyewe. Waliuliza: kwa nini mtu anajaza hojaji za kulipwa kwenye mtandao mwezi mzima, halafu mwisho wake hapati hata pesa ya bando? Swali hilo ni la haki. Sikuja kuwaambia muuache mtandao. Nimekuja tupige hesabu pamoja, kama tunavyofanya kabla ya kumwita mwenye lori aje kubeba mahindi.

Nani ananunua maoni yako?

Kampuni inayotengeneza sabuni, simu au maziwa ya unga hutaka kujua wateja wake wanafikiri nini. Huipa kazi hiyo kampuni ya utafiti, nayo kampuni ya utafiti huwatafuta watu walio tayari kujibu maswali na kuwapa malipo kidogo. Hiyo ni biashara halali. Hapa Kenya zipo kampuni zinazouliza maswali kwa ujumbe mfupi wa simu na kumlipa mtu kwa muda wa maongezi. Zipo pia tovuti za nje zinazolipa kwa pointi, ambazo baadaye hubadilishwa kuwa dola.

Lakini angalia bei inatoka wapi. Anayelipa hasa ni mwenye bidhaa, naye analipia maoni ya watu wanaoweza kuinunua bidhaa hiyo. Ndiyo maana hojaji nyingi na zenye malipo mazuri huelekezwa Marekani na Ulaya, na sisi tunabaki na chache zenye malipo madogo. Aliye hapa Sugoi akijaza kwa bidii usiku kucha hawezi kuibadilisha hali hiyo.

Kwa nini unatolewa katikati?

Hili ndilo lalamiko nililolisikia zaidi. Unajibu maswali dakika kumi, halafu skrini inakuambia: "Samahani, hujafuzu." Hupati kitu.

Sababu ya kwanza ni kwamba kampuni hutafuta watu wa aina fulani, tena kwa idadi maalumu. Inaweza kutaka akina mama 200 wenye mtoto chini ya mwaka mmoja. Wakishapatikana 200, mlango unafungwa hata kama wewe ni mama kamili mwenye mtoto mgongoni. Sababu ya pili ni majibu yanayopingana: leo umesema una miaka 24, juma lijalo umesema 31. Kompyuta inakumbuka.

Mtafiti mwaminifu huuliza maswali ya kuchuja mwanzoni kabisa, machache, na akikukataa hukuacha uende bila kukupotezea muda. Ukiona umeulizwa umri, mapato, benki, idadi ya watoto na ugonjwa ulio nao, kisha ukatolewa, na kesho ikawa vivyo hivyo, ujue taarifa zako zimechukuliwa bure. Ni sawa na broka anayekuja nyumbani, anakufungulisha magunia yote, anachota gorogoro moja kutoka kila gunia "kuangalia unyevu", halafu anasema hatanunua. Magunia yako yamebaki, lakini si kama yalivyokuwa.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Tuseme kijana anajaribu hojaji nane kwa siku. Sita zinamtoa baada ya dakika nane kila moja: hizo ni dakika 48. Mbili anazimaliza, kila moja dakika 20: hizo ni dakika 40. Jumla ni dakika 88. Kila hojaji iliyokamilika inalipa shilingi 60, kwa hiyo ameingiza shilingi 120. Bando la siku limemgharimu shilingi 50.

Sasa, tovuti inasema huwezi kutoa pesa mpaka ufikishe shilingi 1,000. Atahitaji siku tisa. Ameingiza 1,080, ametumia 450 kwa bando, amebaki na 630. Amefanya kazi zaidi ya saa 13. Hiyo ni chini ya shilingi 50 kwa saa, na bado hajakatwa ada ya kubadilisha dola kuwa shilingi.

Siwaambii kwamba shilingi 50 ni kitu cha kudharau. Kuna anayejaza hojaji akiwa anangojea matatu, na hapo hapotezi kitu. Lakini aliyeacha kazi ya kibarua, au masomo ya ufundi, kwa kuamini kwamba hojaji zitamlipia kodi ya nyumba, afanye hesabu hii kwa namba zake mwenyewe. Andika kwenye daftari kwa siku saba: dakika, bando, na kilichoingia. Daftari halimbembelezi mtu.

Akaunti inafungwa siku ya malipo

Lalamiko la pili: mtu anafikisha kiwango, anabonyeza kitufe cha kutoa pesa, na akaunti inafungwa.

Mara nyingine ni udhalimu mtupu, na hakuna simu ya kupiga. Mara nyingi, hata hivyo, tovuti hufanya ukaguzi wake wakati wa kulipa, na hapo ndipo yanagunduliwa yaliyofanyika mapema: ndugu watatu wametumia simu moja, au mtu amewasha programu ya kuficha mahali alipo ili aonekane yuko Marekani. Wengine wamenunua akaunti iliyosajiliwa kwa jina la mtu wa nje.

Hapa niseme wazi. Akaunti ya kununua ina hasara mbili. Kwanza, aliyekuuzia anaweza kuirudisha kwake wakati wowote, na huna pa kwenda kushtaki. Pili, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema ni kosa kutumia kwa udanganyifu nywila au kitambulisho cha mtu mwingine. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa hojaji ya shilingi 60, hiyo si biashara.

Hata mahali halali, usiache pesa zirundikane. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililowapa vijana wengi wa Kenya kazi ndogo ndogo za mtandaoni, lilisitisha kazi zake nchini. Ukifikisha kiwango cha chini, toa siku hiyo hiyo. Piga picha skrini ya salio lako na ya kila hojaji uliyomaliza.

Anayekudai ada kwanza

Kuna kundi jingine ambalo halina uhusiano na utafiti hata kidogo. Wanakuja kwa WhatsApp au Telegram: "Jaza hojaji, upate 3,000 kwa siku. Ada ya usajili 500 tu." Ukilipa, unaambiwa upande daraja kwa 2,000. Mara nyingine hukulipa shilingi 200 siku ya kwanza ili uamini na uwalete jamaa zako.

Kanuni yake ni fupi, na hata shosho asiyejua kusoma anaweza kuikumbuka: mnunuzi hamdai muuzaji ada. Ukipeleka maziwa kwenye ushirika, huombwi kulipia kupimiwa kabla hujajulikana una lita ngapi. Anayekutaka ulipe ndipo upewe kazi hanunui maoni yako. Anachotaka ni ile 500.

Kilicho ghali zaidi ya pesa

Ada ya 500 inauma, lakini inasahaulika. Picha ya kitambulisho chako haisahauliki. Anayeipata pamoja na namba yako ya simu na picha ya uso wako anaweza kujaribu kusajili laini au kuchukua mkopo kwa jina lako.

Mnakumbuka mwaka 2023 watu walivyopanga foleni ndefu KICC, Nairobi, kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, kwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Agosti 2023 serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo za mwili zifutwe. Ilichukua karibu miaka miwili kudai kilichotolewa kwa dakika chache. Ile haikuwa hojaji, lakini biashara ni ile ile: taarifa zako kwa malipo madogo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zitatumika vipi, kuziona, kukataa zisitumike, kusahihishiwa zilizo na makosa, na kuomba zifutwe pale zilipo za uongo au za kupotosha. Mtu akikiuka haki hizo, unaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaitaka ofisi hiyo ichunguze na kumaliza malalamiko ndani ya siku 90.

La kufanya

Kwa anayetaka kuendelea na hojaji:

- Fungua barua pepe ya kazi hiyo peke yake, na nywila usiyoitumia kwingine.
- Soma kiwango cha chini cha kutoa pesa na njia ya malipo kabla ya kujisajili. Kama hailipi kwa njia uliyo nayo, achana nayo.
- Usitoe PIN ya M-Pesa wala namba ya siri inayotumwa kwa simu. Hakuna utafiti unaozihitaji.
- Jibu ukweli. Swali likikukera, toka.

Kwa aliyekwisha tapeliwa:

- Tuma ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo kwa 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe, kabla hazijatolewa.
- Ujumbe wa matapeli, upeleke kwa 333.
- Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.
- Nenda kituo cha polisi ukiwa na picha za mazungumzo, na usiondoke bila namba ya OB.

Kwa anayetafuta kazi ya mtandaoni yenye kipato zaidi, serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, unaotoa mafunzo ya kazi kama kunukuu sauti, kuingiza data na kuandika. Kazi hizo pia zina taabu zake, lakini ujuzi unaoupata ni wako hata tovuti ikifungwa.

Mwisho, nina neno kwa wazazi. Kijana aliyetapeliwa huona aibu, na aibu ndiyo inayomfanya alipe mara ya pili akijaribu kurudisha ya kwanza. Akikuambia, usianze na kelele. Muulize ametuma nini, kwa nani, saa ngapi, kisha mwende pamoja. Saa moja ya kwanza ina thamani kuliko mwezi mzima wa kulaumiana.

Sasa nipokee maswali yenu.