Deni la Shimo la Moramu

Hotuba ya Mweka Hazina katika harambee ya mwaka, Dar es Salaam



Barabara yetu ilipojengwa, moramu ilichimbwa kwenye malisho ya kijiji. Kijiji kililipwa, na fedha ile ikaezeka madarasa mawili. Hesabu niliandika mimi. Mapato na matumizi yalilingana, mkanipigia makofi. Gharama ya kurudisha ardhi sikuiandika popote. Mkandarasi akaondoka, shimo likabaki. Mvua zilizopita, wachungaji walimtoa humo mtoto wa darasa la pili akiwa hoi. Kosa lile la hesabu ni langu, nami naomba radhi.

Wapo wanaosema tupande mikaratusi. Lakini pale palikuwa malisho, na ng'ombe hawali majani ya mkaratusi. Tunataka nyasi zetu za asili, zinazoshika udongo na kustahimili kiangazi.

Kupumzisha ardhi tunakujua. Ngitili ni desturi yetu Wasukuma: malisho hufungwa mvua zinapoanza, hufunguliwa kiangazi kikikaza, kwa ajili ya ndama na maksai. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulijengwa juu ya desturi hiyo hiyo.

Ila shimoni kufunga peke yake hakutoshi. Udongo wa juu, wenye rutuba na mbegu, uliondolewa, imebaki changarawe. Kwanza, katapila lilaze kingo. Pili, udongo uliolundikwa pembeni urudishwe juu. Tatu, tukate nyasi zilizokomaa kwenye ngitili zetu, zikiwa na mbegu zake, tuzihifadhi, kisha tuzitandaze mvua zinapokaribia. Mwisho, uzio wa miiba, na mifugo isiingie mpaka nyasi zishike mizizi vizuri.

Wazee wamekwisha kukubali. Wachungaji watapeleka ng'ombe mbali zaidi, misimu kadhaa, na akina mama wamejitolea kukata nyasi. Hao wametoa chao. Sisi wa mjini tunaombwa fedha ya kukodi katapila na posho ya sungusungu watakaolinda.

Makadirio yako ukurasa unaofuata. Safari hii mstari wa ardhi umo, na kila robo mwaka nitawaletea taarifa yake. Bahasha ya kwanza ni hii yangu.