Somo la Tatu: Kuipa Kompyuta Hesabu

Chukueni daftari na kalamu. Leo tutafanya mazoezi ya Python, lugha ya kuiagiza kompyuta kazi. Aliitunga Guido van Rossum wa Uholanzi, akaitoa mwaka 1991. Andikeni mistari hii mitatu:

bei = 500
idadi = 3
print(bei * idadi)

Mstari wa kwanza unasema bei ni 500. Wa pili unasema idadi ni 3. Kinyota ni alama ya kuzidisha, na print maana yake ni "onyesha". Kompyuta hufuata mistari kutoka juu kwenda chini. Itaonyesha 1500.

Sasa andikeni Print kwa herufi kubwa. Kompyuta itakataa na kutaja mstari wenye kosa, kwani kwake herufi kubwa na ndogo si moja. Msiogope, hamkuharibu kitu. Sahihisheni, mjaribu tena.

Lakini liko kosa jingine. Mkisahau sifuri moja mkaandika 50, kompyuta haitakataa. Itaonyesha 150, na mwenye duka atauza kwa hasara. Kwa hiyo kwanza pigeni hesabu kichwani, ndipo mlinganishe majibu.

Asiye na kompyuta aandike daftarini, ampe mwenzake awe kompyuta: afuate kila mstari kama ulivyoandikwa, asikisie. Hata kusoma hamkujifunza kwa kusikiliza tu; mliandika, mkakosea, mkafuta, mkaandika tena.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.